Kumbukumbu ya miaka kumi ya Babu: nyumba ya pili tuiendee namna gani?

Mjukuu wa Kidia, Arusha

Shikamooni wazee, na wengine wote nawasalimu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupitia jambo kama hili, hasa wenyeji wa Kilimanjaro, kwa sababu nimepewa ukatibu wa kamati ya familia na muda uliobaki si mrefu.

Desemba hii itatimia miaka kumi tangu babu yangu mzaa baba alipofariki. Ukoo umekubaliana kwamba mwaka huu, watu watakapopanda nyumbani Old Moshi kwa ajili ya Krismasi, tusiishie kuchinja mbuzi na kutawanyika kama tulivyozoea, bali tutenge siku moja ya kumkumbuka yeye: ibada ya shukrani asubuhi, kuweka maua kaburini, kisha chakula na mazungumzo mpaka jioni. Hatutaki iwe siku ya kilio. Babu aliishi zaidi ya miaka themanini, aliwapakata vitukuu, na alifia kitandani mwake akiwa amezungukwa na watu. Tulimlia wakati ule inavyostahili, na sasa tunataka kumshukuru Mungu kwa ajili yake na kuwaonyesha watoto wetu alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mkulima wa kahawa, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, hadi vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976. Umri wake alikuwa akiuhesabu kuanzia mwaka 1952, Thomas Marealle alipofanywa Mangi Mkuu, yaani mtawala mkuu, wa Wachagga, kwa maana alisema mwaka huo ndipo alipoanza kunyoa ndevu. Watu wa rika lake waliobaki wanasema kwamba mbele ya mizani yake hapakuwa na manung'uniko: alisubiri mshale utulie kabisa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, kisha akarudi nyuma hatua moja ili mwenye kahawa asogee ausome mwenyewe, na hapo ndipo alipoandika. Bei ilipoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, baadhi ya majirani walianza kung'oa mibuni. Yeye aliacha mistari minne upande wa juu wa nyumba, na kaburi lake liko mwisho wa mistari hiyo.

Kamati imegawanyika juu ya mahali. Ndugu wanaoishi Dar es Salaam wanataka ukumbi wa Moshi mjini, kwa hoja kwamba kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, hakuna nafasi ya kuegesha magari wala ya kufunga maturubai kwa watu mia mbili. Hilo naona litapata suluhu. Linaloninyima usingizi ni jingine.

Babu alikuwa na nyumba mbili. Bibi mkubwa, mama wa baba yangu, aliishi juu kihambani na alizaa watoto saba. Bibi mdogo aliishi chini tambarare, Mabogini, ambako Babu alikuwa na shamba la mahindi, na yeye alizaa watoto sita. Tulipokuwa wadogo hatukuona mpaka kati yao. Wakati wa mavuno ya mahindi tulishushwa sote, tukalala kwa Bibi mdogo kwenye mkeka mmoja na watoto wa huko, na asubuhi alitugawia uji kwa kikombe kilekile cha bati kilichokuwa kikizunguka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, bila kujali nani ni wa juu na nani ni wa chini.

Siku ya mazishi, wasifu wa marehemu uliosomwa mbele ya waombolezaji wote ulitaja mke mmoja na watoto saba. Sikujua nani aliuandika, na leo sitaki kumtafuta. Bibi mdogo alikuwa amekaa mstari wa nne. Msomaji alipofika mwisho, aliinuka taratibu, akajifunga khanga yake upya kiunoni, akatoka, na watoto wake wakamfuata mmoja mmoja. Walisubiri kando ya kaburi, wakatupia udongo wao, wakashuka. Tangu siku hiyo hawajapanda tena, isipokuwa baba mdogo mmoja aliyekuja kwenye msiba wa Bibi mkubwa na kuondoka kabla ya chakula.

Sasa Baba mkubwa anasema wasialikwe, kwa kuwa wakialikwa watadai kihamba. Baba yangu yuko kimya. Mjumbe mmoja wa kamati amependekeza tuwatumie kadi ya mwaliko kwenye simu kama tutakavyowatumia wageni wengine, na wakija waje. Mimi naona haya kuituma kadi hiyo kwa Bibi mdogo, ambaye bado yu hai na ana umri wa zaidi ya miaka themanini, lakini sijui njia sahihi ni ipi, wala sijui kama mjukuu wa kike ana nafasi ya kulisema hili mbele ya wazee. Naomba mnielekeze.

Mwalimu Mstaafu, Marangu

Marahaba, binti yangu. Umeuliza namna ya kualika, lakini kwa maelezo yako mwenyewe hili si jambo la mwaliko. Anayealikwa ni mgeni. Mtoto wa marehemu haalikwi kwenye kumbukumbu ya baba yake. Yeye ni mmoja wa wenye shughuli, na mkimtumia kadi mtakuwa mmemwambia mara ya pili maneno yaleyale aliyoambiwa siku ya mazishi. Kwa hiyo kadi isitumwe, wala ya simu wala ya karatasi.

Mila yetu inayo njia, na nashangaa kwamba hakuna mzee wa kamati yenu aliyeitaja. Mchagga aliyemkosea ndugu yake huenda na jani la sale, mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Huchukua jani hilo mkononi, huongozana na mzee wa ukoo asiyekuwa sehemu ya ugomvi, huenda hadi nyumbani kwa aliyekosewa, na akifika hasemi habari za sherehe wala za michango. Husema kosa kwa jina lake na kuomba msamaha. Kwa heshima ya sale ni vigumu sana kwa mtu aliyelelewa vizuri kulikataa, na ndiyo maana mkosaji naye hapaswi kulichezea. Nimeona ugomvi wa mipaka uliodumu miaka ishirini ukimalizwa na jani moja, na nimeona pia sale likirudishwa kwa sababu aliyelileta alianza kujitetea kabla ya kukaa.

Anayepaswa kwenda ni Baba mkubwa wako, kwa kuwa ndiye aliyeshika nafasi ya Babu, na wasifu ule ulisomwa kwa jina la familia yake, awe ameuandika yeye au asiwe yeye. Wewe unaweza kuwa katika msafara. Ukikosa mtu wa kulisema jambo hili mbele yake, mwendee shangazi yako mkubwa kwanza. Shangazi ana sauti ambayo kaka zake hawawezi kuipuuza, naye atalifikisha bila wewe kuonekana umewavunjia wazee heshima. Na neno lenyewe litakalosemwa Mabogini liwe fupi: kwamba siku ya mazishi ya baba yetu hatukuwataja, tulikosea, tumekuja kuomba radhi. Habari ya Desemba isubiri hadi wao wenyewe waiulize.

Juu ya mahali, wewe ni mtu wa Old Moshi, kwa hiyo unaijua habari ya Mangi Meli, mtawala wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia miaka mingi kuiomba Ujerumani irudishe fuvu la babu yake, linaloaminika kuwa lilipelekwa huko, ili tu apate kumlaza nyumbani. Ninyi mnalo kaburi mnaloweza kuliendea kwa miguu kutoka mlangoni. Kukodi ukumbi mjini na kumkumbuka mtu huyo mbali na mibuni aliyokataa kuing'oa naona ni kujinyima wenyewe. Maturubai yanaweza kufungwa mawili madogo badala ya moja kubwa, na magari yakaachwa kwa jirani au uwanjani kanisani kwa makubaliano na wazee wa usharika.

Kisha wasifu uandikwe upya, na usiandikwe na mtu mmoja. Kaeni wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na kabla ya kuandika chochote tafuteni daftari la Babu. Umesema alikuwa karani wa mizani. Makarani wa enzi zile waliandika kila kitu, hata nyumbani: mbuzi aliyekopeshwa, siku mfongo, mfereji wa maji, ulipozibuliwa, nani alikuja kusaidia kuvuna. Mkipata maandishi yake mtakuwa na neno la mwenye shughuli mwenyewe, na ubishi mwingi utakwisha.

Nawaombeni jambo moja zaidi, nami nalitilia mkazo kwa sababu nimelijutia kwa baba yangu. Wazee wa rika lake waliobaki, warekodini sasa kwa simu zenu, msisubiri siku ya shughuli ambapo kila mzee atapewa dakika tatu na mshereheshaji amwonyeshe saa. Waendeeni majumbani, muwaache waseme kwa Kimochi, Kichagga cha huko kwenu, kwa kuwa mzee akilazimishwa Kiswahili hufupisha na kuacha utamu wote nje. Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyeishi huko kwenu Old Moshi kwa miaka mingi kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliwaketisha wazee na kuwauliza mila na desturi za Wachagga kwa uvumilivu mkubwa, na leo mjukuu wa wazee hao akitaka kujua babu zake walisema nini, inambidi atafute mtu anayesoma Kijerumani. Simu mnazo mikononi.

Mkamwana wa Sakina, Arusha

Naunga mkono yote aliyoyasema Mwalimu, nami naongeza la jikoni, kwa kuwa mimi ni mkamwana katika ukoo wenye nyumba tatu na nimepika kwenye kumbukumbu mbili za namna hii.

Waiteni shangazi na wakamwana wa nyumba ya chini waje siku moja kabla, si asubuhi ya shughuli. Siku ya shughuli watu huvaa, huketi na kutazamana. Siku ya kabla yake kuna ndizi za machalari za kumenya, na kazi hiyo ina faida yake: mnakaa duara, mmepaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, visu vinatembea, macho yako chini kwenye ndizi, na maneno ambayo mtu hawezi kuyasema uso kwa uso hutoka yenyewe. Kwetu, shangazi wawili ambao hawakusalimiana kwa miaka sita walianza kuzungumza kwa kubishana kama mtori unawekewa maziwa kabla au baada ya kupondwa, na kufikia magharibi walikuwa wanalia pamoja kwenye sufuria ya tatu.

Ulizeni pia mapema kama kuna Waislamu katika nyumba ya pili, maana tambarare watu wamechanganyika sana kwa ndoa. Kama wapo, mbuzi wote wachinjwe na Mwislamu ili pasiwe na nyama ya hawa na nyama ya wale. Kisusio kipikwe mbali na sufuria nyingine, na sufuria yake na upawa wake viwe vyake, kwa kuwa kina damu. Mbege ikae upande mmoja, soda na togwa upande mwingine, bila matangazo. Kama mnataka mbege ya kweli, anzeni kutafuta ndizi na kimea cha ulezi zaidi ya wiki moja kabla. Mkichelewa mtauziwa iliyoharakishwa. Na mgao wa mbuzi msiuache kwa vijana wa kuchoma. Kila sehemu ina mwenyewe kwa nafasi ya kuzaliwa, na mtoto wa pili wa Babu akiwa ni wa nyumba ya chini, sehemu ya mtoto wa pili iende kwake mbele ya watu wote. Atakayeiona sahani hiyo ikipita hatahitaji hotuba.

Msomaji wa Njiro, Arusha

Nimefanya kazi za mirathi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitagusa hofu ya Baba mkubwa tu. Msimcheke wala msimwone mbaya. Hofu ya kihamba ni ya kweli katika familia nyingi za mlimani, ambako ardhi imegawanywa vizazi vitatu hadi mtu anabaki na migomba thelathini.

Hata hivyo, kuhudhuria kumbukumbu hakumpi mtu haki ambayo hakuwa nayo, na kutokuhudhuria hakumnyang'anyi haki aliyo nayo. Kama nyumba ya pili ina dai, dai hilo lilikuwepo tangu Babu alipofariki na mahali pake ni mahakamani, ambapo kwa mirathi za kimila familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kumfungia ndugu geti siku ya kumbukumbu hakulizuii. Mara nyingi ndiko kunakompeleka mtu kufungua shauri ambalo asingelifungua, kwa sababu ya uchungu.

Jambo la tahadhari ni hili. Mahakama katika kuteua msimamizi wa mirathi mara nyingi huomba muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Nimeona zaidi ya mara moja daftari la mahudhurio la sherehe ya familia likitolewa baadaye na mtu mmoja kana kwamba lilikuwa muhtasari wa kikao. Kwa hiyo daftari lenu la wageni liandikwe juu ya kila ukurasa kwamba ni mahudhurio ya ibada ya shukrani na kumbukumbu, likae kwa katibu, na siku hiyo pasiwe na kikao chochote cha mali, hata cha dakika tano nyuma ya nyumba. Mtu akianzisha habari ya mipaka, mzee wa ukoo aikate palepale na kuipangia siku nyingine. Baba mkubwa akihakikishiwa hivyo, kwa maandishi ya kamati ikibidi, sidhani kama atabaki na sababu.

Mtoto wa Tambarare, Kahe

Mimi nimezaliwa katika nyumba kama hiyo ya Mabogini, ila kwetu ni Kahe, na wa juu kwetu wako Kirua. Nimesoma swali lako mara mbili na nimeona vema nikueleze jinsi linavyoonekana kutoka chini, kwa sababu mnaopanga mara nyingi mnadhani sisi tunasubiri ardhi.

Baba alikuwa akishuka kila Jumatano na Jumamosi kwa baiskeli, akiwa na mkungu wa ndizi nyuma, na tuliijua sauti ya mnyororo wa baiskeli hiyo tangu ikiwa kwenye mfereji. Alitufundisha kusoma kwa magazeti aliyofungia sukari. Alipofariki, tulipigiwa simu saa tano usiku na jirani, si na ndugu. Tulifika tukakuta viti vya wafiwa vimejaa, na kijana aliyekuwa akipanga watu akatuuliza sisi ni majirani wa upande gani. Hakuwa na nia mbaya, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa kwamba tupo. Mama yangu alimjibu kwamba sisi ni watu wa tambarare, tukaenda kukaa kwenye majani.

Tangu siku hiyo sijawahi kukitamani kihamba cha Kirua hata siku moja. Ninachokitamani ni kuzungumza juu ya baba yangu na watu wengine waliomwita baba. Mimi ninazo habari za Jumatano na Jumamosi tu; wao wanazo za siku nyingine tano, na sijui kama alikuwa akiimba huko kama alivyokuwa akiimba kwetu, wala kama aliugua mguu uleule uliokuwa ukimsumbua akishuka. Kaka zangu wa juu nao hawajui kwamba alikuwa akijua kusuka ukindu. Tumegawana mtu mmoja vipande viwili, na kila upande unakikumbatia kipande chake.

Kwa hiyo mkienda Mabogini, nendeni kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mama mzee wa umri huo huchoka mapema. Msibebe kamera. Msifike na gari nne. Mwacheni yeye aongee hata akiongea kwa ukali, na akinyamaza msijaze ukimya wake kwa maneno. Na kama mna picha ya Babu akiwa kijana, mchapishieni moja, kwa maana nyumba za chini aghalabu hazina picha. Mpiga picha alikuwa akiitwa juu.

Mjukuu wa Kidia, Arusha

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote kwa moyo wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilipanda nyumbani mwishoni mwa wiki iliyopita, na mambo yamekwenda kwa namna ambayo sikuitarajia.

Nilianza kwa Shangazi mkubwa kama nilivyoelekezwa. Nilimsomea maneno ya ndugu wa Kahe kama yalivyo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba yeye mwenyewe alitaka kuinuka siku ile ya mazishi na hakuinuka, na kwamba jambo hilo limemkalia kifuani miaka kumi. Kisha alichukua fimbo yake tukaenda pamoja hadi kwa Baba mkubwa, ambaye tulimkuta akipogoa mibuni.

Baba mkubwa hakukubali mara moja. Alirudia habari ya kihamba, nami nikamweleza alichokiandika msomaji wa Njiro kuhusu daftari la mahudhurio, na hilo lilimgusa, kwa kuwa alikuwa hajalifikiria kabisa. Hata hivyo, alisema wasifu ule ulikuwa sahihi kwa sababu kanisa linatambua mke mmoja. Shangazi alimjibu kwamba wasifu haukuwa cheti cha ndoa. Tukabaki hapo.

Ndipo nilipoomba ruhusa ya kulitafuta daftari. Lilikuwa katika sanduku la mbao chini ya kitanda cha Babu, pamoja na mawe mawili ya mizani na miwani yake isiyokuwa na mkono mmoja. Ni daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kurasa zake za mwanzo ni hesabu za chama: majina, uzito, tarehe. Katikati kuna ukurasa mmoja ambao si wa chama. Ameandika juu yake neno moja tu, Watoto, na chini yake kuna majina kumi na matatu kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa juu na wa chini wakifuatana kama walivyokuja duniani. Mbele ya kila jina ameandika mwaka mtoto huyo alipoanza darasa la kwanza, na uzito wa kahawa ya maganda aliyoiuza kumnunulia sare na madaftari. Kwa wakubwa uzito umeandikwa kwa ratili, na kwa wadogo kwa kilo. Baba yangu ni wa tano. Wa sita ni baba mdogo wa Mabogini, yule aliyekuja kwenye msiba wa Bibi mkubwa na kuondoka bila kula. Walianza shule mwaka mmoja, na uzito ulioandikwa mbele ya majina yao ni uleule.

Baba mkubwa aliagiza miwani yake iletwe. Aliusoma ukurasa ule akiweka kidole chini ya kila jina, kutoka la kwanza ambalo ni lake hadi la kumi na tatu, kisha akarudia kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Baadaye alifunga daftari, akalishika magotini kwa muda mrefu, na alichosema ni kwamba wasifu wa Desemba ufuate mpangilio huo, na kwamba yeye mwenyewe atausoma. Baba yangu, ambaye alikuwa amefika na kusimama mlangoni, alitoka nje akaenda kukaa penye kaburi.

Tumekubaliana shughuli iwe kihambani. Mchungaji tumekwisha kumweleza habari yote, naye ameomba apewe majina kumi na matatu mapema ili ayataje katika sala ya shukrani bila kukosea. Mimi na binti wa baba mdogo wa Mabogini, ambaye namba yake nimeipata kwa mwenye duka wa huko, tutauandika wasifu pamoja endapo Bibi mdogo ataridhia. Picha ya Babu akiwa kijana nimeichapisha Moshi mjini leo mchana, amesimama karibu na mizani, mkono mmoja nyuma.

Kesho asubuhi tunashuka Mabogini watu wanne kwa gari moja: Baba mkubwa, Shangazi, mzee mmoja wa ukoo, na mimi. Sale Baba mkubwa amelikata mwenyewe jioni hii kwenye mpaka wa kihamba, upande wa mfongo, pale Babu alipolipanda.